Betri Juani

Kitu cha kwanza kilichonitia kinyaa kuhusu ile simu ni jinsi walivyokuwa wakiipangusa. Samaki wa mama zao wanaanza kunuka kwenye magunia, nzi wanaingia hadi puani, na wao, vijana wazima wenye mikono, wamekaa nyuma ya vibanda vya salaula, nguo za mitumba, wanapokezana kitambaa cheupe, wanakipangusa kidude cheusi kama mtoto mchanga aliyetoka kuoga.

Mwenye kidude alikuwa Guylain, mtoto wa jirani yangu Emilienne. Emilienne ni Mkongomani kama mimi. Sisi wanawake wa ng'ambo tunaofanya biashara ya samaki hapa Nchelenge, upande wa Zambia, tunajuana wote, na mwaka ule wa tisini na tisa, vita ilipozidi kwetu, tukazidi kujuana, maana wengi hawakuwa na pa kurudi. Guylain alikuwa amekaa Lubumbashi kwa mjomba wake. Mjomba alipomchoka akamrudisha kwa mama yake pamoja na zawadi, simu ya mkononi. Kule Lubumbashi ilikuwa inaita watu kweli. Huku ziwani haikuita hata kuku. Kutoka hapa hadi Mansa hapakuwa na mnara, hapakuwa na réseau, huo mtandao wenyewe unaoifanya simu iwe simu, na Guylain alilijua hilo tangu siku aliyoshuka kwenye minibasi.

Wengine hawakulijua, naye akanyamaza.

Basi ikawa ndiyo kazi yao. Chabu wa mama Olipa, binti mwenye akili darasani, alikuwa anajipaka mafuta midomoni kabla ya kuishika, eti asije akaongea na mtu wa mbali akiwa na midomo mikavu. Vicky, binti yangu wa kumzaa, ambaye nikimtuma kwa shangazi yake hapo tu anasema miguu inamuuma, alizunguka soko zima ameibana simu begani, anasema "Oui, oui, d'accord," na Kifaransa chake kinaishia hapo. Walikwenda kwa mpiga picha, kila mmoja akapigwa na simu sikioni, uso ameukunja kama mtu mwenye mashauri mazito. Kulikuwa na kitufe cha kuchagua mlio. Guylain alikibonyeza mfukoni kwa siri, simu ikalia, wote wakaruka, naye akajibu taratibu, "Allô, nani?" Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku moja mvua ilimkuta njiani. Akaifungua simu, akaitoa betri na kuianika kwenye mkeka wangu, katikati ya chisense, visamaki vile vidogo tunavyokausha juani. Haukupita muda nikamsikia nyuma yangu anacheka, anamsimulia mjomba wake wa Lubumbashi habari za mvua. Nikageuka. Simu sikioni, betri kwenye mkeka wangu, na nzi ametua juu yake.

"Guylain," nikamwambia, "na ile pale ni nini?"

"Ile ni ya réserve, ya akiba, Mama Vicky," akasema bila kupepesa macho, akaendelea na mjomba wake.

Vicky alicheka hadi akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mtoto anavyonyamaza kidogo ili mjomba amjibu, anavyoitikia "mm, mm". Uongo wa njaa ninauelewa. Uongo wa kumkwepa mwenye deni ninauelewa pia, nimeshausema. Ule wa kwake ulikuwa wa kuchezea mate tu.

Kilichokuwa kinaongea kweli hapa Nchelenge ni phonie, redio ya upepo. Aliyekuwa nayo ni ba Kapembwa, hiyo ba ni ya heshima, Mzambia mpole, karibu na ofisi za council. Unaingia, unalipa, yeye anaita ng'ambo, na mtu wa ng'ambo akiwa karibu na redio yao mnasemezana. Siri haipo pale. Anayengoja zamu anasikia ya mwenzake, na akitoka nje anayo. Na kila sentensi inafungwa na neno lile lile la redio, roja, yaani nimekusikia. Ba Kapembwa alilisema hata akinunua vitumbua.

Sasa mume wa Emilienne, baba yake Guylain, jina lake lilikuwa Roger. Sisi tunamwita Rojé, kwa Kifaransa. Alikuwa amevuka kwenda Kilwa, ile ya Congo, kufuata mafuta ya mawese na sabuni, kwa mashua yenye moteur, injini, iliyokuwa inakohoa tangu Noeli. Alisema atarudi upesi. Emilienne alikuwa anakwenda kwa ba Kapembwa kila anapopata nafasi, anapewa upepo mtupu, anarudi kwenye samaki wake.

Asubuhi ile nilikuwa pale mimi, kwa shida zangu za mapipa ya mafuta, na mama Olipa alikuwa anangoja zamu yake. Redio ikakwaruza, sauti ya mwanamume ikaingia na kutoka, ikaingia tena. Nitaandika kama nilivyosikia, maana maneno yale nimeshayageuza kichwani kama mtu anayechambua mchele.

"Nchelenge… Rojé… nakufa… mama avuke leo. Leo. Haitangoja…"

"Roja, roja," ba Kapembwa akajibu kwa mazoea. "Rudia, Kilwa. Rudia."

Haikurudia.

Lazima nieleze jambo moja kwa msomaji ambaye si wa kwetu. Katanga hatusemi "anakufa" kwa mtu ambaye bado anapumua. Anakufa ni kwamba amekwisha kufa, hayupo. Na moteur ikiharibika, hiyo nayo inakufa. Tofauti ni herufi moja, a kwa mtu, i kwa chuma, na herufi ile ndiyo iliyomezwa na mkwaruzo. Lakini mimi nilisikia Rojé, kwa é yetu. Na nilisikia "mama avuke". Mtu hamwiti mke avuke ziwa wakati wa vita kwa sababu ya chuma. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa.

Tulikwenda kwa Emilienne. Sikumzungusha. Nilimwambia nilichosikia, akakaa chini palepale, akavua kitambaa cha kichwa. Wanawake wakaanza kulia, na kilio kikajaa uani. Zacharia, mwenye mashua ya abiria, alikuwa anapakia kwenda Kilwa. Alituma neno kwamba atangoja hadi jua lifike kichwani, mjane apande bila nauli, aende akamzike mumewe. Kwa joto la ziwa letu maiti haikai, haitangoja. Kila mtu pale alijua kwamba ni mashua ile au hakuna.

Alikosekana Guylain tu. Nikatoka kumtafuta, mama Olipa akanifuata.

Tulimkuta palepale nyuma ya salaula, amezungukwa. Vicky alikuwepo, na Chabu na midomo yake ya mafuta. Guylain alikuwa ameegemea nguzo, mguu mmoja juu, simu sikioni, na sauti ameipandisha ili hata wauza ndizi wasikie.

"Hapana, Papa, hapana zile nyeusi. Miye ninataka viatu vya blanc. Ee. Ee, Papa, uko naniskia? Na ya Vicky ulete, namba ya pointure trente-huit." Akanyamaza, akacheka. "Papa anasema banawake ba Nchelenge bako na miguu mikubwa."

Wakaangua kicheko. Binti yangu alimpiga begani kwa madaha.

Nimepasua matumbo ya samaki waliokaa siku mbili juani na sikutapika. Pale nilihisi kutapika. Baba yake yuko kwenye mbao mahali fulani ng'ambo, labda ameshafungwa kidevu, na mtoto anamwagiza viatu mbele ya wasichana. Hakujua, ndiyo. Lakini kinyaa hakingoji kuuliza nani alijua.

Kosa langu ni kwamba nilimtazama yeye, sikumtazama mama Olipa. Yeye ni mama mwema, Mbemba wa hapahapa, Kiswahili chake ni cha kuuliza bei. Alisikia "Papa" na akaona simu. Nilipogeuka, alikuwa ameshashika pindo la chitenge anakimbia kurudi kwenye kilio.

Nikamwambia Guylain, "Zima hiyo takataka. Phonie imesema baba yako amekufa."

Uso wake ulibadilika rangi. Alishusha mguu. Nilimshika mkono nikamvuta, na kundi lote likatufuata kama kawaida yao, kwani msiba nao ni kitu cha kutazama.

Tulipofika uani, kilio kilikuwa kimenyamaza. Mama Olipa alikuwa amesimama katikati, anahema.

"Bana Guylain, ni bufi," alikuwa anasema. Bana Guylain ni Mama Guylain, na bufi ni uongo, kwa Kibemba. "Papa yake iko mu simu. Naona na macho yangu. Iko naongea viatu."

Emilienne alimtazama mwanawe. Macho yale siyasahau, yalikuwa kama ya mtu aliyeshika kamba ndani ya maji.

"Unaongea na baba yako?" akamuuliza. "Leo? Sasa hivi?"

Uwanja mzima ukamwangalia Guylain. Mama yake, wanawake wenye machozi, Chabu, Vicky. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, hapana. Nilimwona anatazama simu, anatazama wasichana, anatazama simu tena. Pengine naye alitaka iwe kweli. Pengine alidhani akisema hapana ndiye atakayekuwa amemwua. Nimejaribu kumpa sababu hizo zote na bado simmezi.

"Ndiyo, Mama," akasema.

"Hata miye nilisikia sauti ya Papa Rojé," Vicky wangu akadakia. Hakuna aliyemuuliza.

Nikasema, "Mama Guylain, usibasikilize. Ile simu haiko na réseau. Bako nacheza nayo. Siku ile betri ilikuwa mu chisense yangu, na mutoto huyu alikuwa naongea."

"Ile ilikuwa ya réserve," Vicky akasema.

"Kwa phonie miye ninasikia Rojé. Ninasikia na é."

Emilienne alikuwa ameanza kufunga kitambaa chake kichwani, polepole, na rangi inamrudia. "Mu ile makelele, Mama Vicky, ulipambanua é na a? Ba Kapembwa banasema roja hata bakipiga chafya. Roja, moteur inakufa. Njo ile. Moteur. Anataka nivuke na franga ya moteur, sawa vile anafanyaka, na haitangoja ni kazi ya fundi."

"Vuka basi. Ukikuta ni moteur, utanicheka."

"Na mali yangu naachia nani? Na vita? Nivuke ju ya moteur?"

"Vuka, nakuomba."

Hapo aliniangalia vibaya. Sauti yake ilishuka, na wanawake wengine wakasogea kumsikia.

"Mutoto wangu anaongea na baba yake, mama wa watu anaona, binti yako mwenyewe anasikia. Weye peke yako unakataa. Ju ya nini unataka bwana yangu akufe?"

Kwetu swali hilo ukiulizwa mbele ya watu, unakaa kimya. Anayekazania kifo cha mtu ndiye anayetafutwa kikitokea. Jua lilifika kichwani, Zacharia akangoja kidogo zaidi, kisha tukasikia mashua yake inawaka na kuondoka.

Nilimpeleka Vicky ndani na kufunga mlango. Hakuchukua hata dakika. "Mama, ilikuwa jeu tu," akasema, mchezo tu, na akaanza kung'ata kucha. Nikamwambia aende akaseme hivyo kwa Emilienne. Akasema Chabu atamcheka, na Guylain hatamsemesha tena. Mtoto huyo nilimnyonyesha miaka miwili. Nilimwangalia nikaona mdomo tu, mdomo wa kusema "oui, oui", na sikutaka hata kumpiga, kwa maana ningelazimika kumgusa.

Nilirudi kwa ba Kapembwa kuita Kilwa. Upepo. Niliita hadi sauti ikakauka, upepo.

Emilienne alipika mchana ule. Kuku alikuwa amemchinja hata mashua haijaondoka, na aliyetumwa na Zacharia alimkuta akimnyonyoa. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa pesa, akampa Guylain akanunue unités, hizo za kuongelea zinazotiwa kwenye simu, kwa sababu naye alitaka kumsikia mumewe na mtoto alimwambia zimekwisha. Hizo unités hazikuwa zinauzwa popote upande huu wa ziwa.

Jioni niliwaona kwenye nyumba ya video. Walikuwa wamekaa kwenye kreti zilizopinduliwa, kila mmoja na Fanta yake, ndimi zimegeuka rangi ya chungwa, wanalambana kwa macho. Chabu alikuwa amepewa simu aishike. Vicky aliponiona alificha chupa nyuma ya mgongo. Guylain hakuificha. Niliangalia makusudi kama atakunywa. Alikunywa hadi mwisho, macho yakiwa ziwani, akaiweka chupa chini kwa uangalifu ili arudishiwe pesa ya chupa. Nilitema mate mchangani mbele yao wote. La kuvunda halina ubani.

Kesho yake Emilienne aliuza samaki karibu na meza yangu bila kunisalimia, lakini alikuwa anaimba. Simu, Guylain alimwambia, inangoja réseau itulie.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilibidi ivuke ziwa kwenda na kurudi. Zacharia alirudi siku iliyofuata, soko limejaa. Kwenye mashua alikaa Willy, mdogo wake Roger, na kichwa kimenyolewa upara wa msiba. Wanawake waliokuwa ufukweni walikiona kichwa kile kabla hajashuka, wakaweka mabeseni chini. Emilienne alikuwa anapanga samaki. Alikiona naye. Akaendelea kupanga, mmoja juu ya mwingine, hadi Willy aliposimama mbele yake.

Willy hakumpa mkono.

"Tulikungojea, dada Emilienne," akasema. "Tuliita mu phonie ungali na siku muzima. Tumbo ilimushika usiku, asubui anakufa. Mama alisema bangoje kumufunika uso mpaka bibi yake afike. Zacharia alifika bila weye, anasema unakataa, uko napika kuku. Tulingoja tena. Halafu jua ilikataa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mama ananituma nikuulize neno moja tu. Roger alikukosea nini?"

Emilienne hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Alinawa mikono kwenye ndoo yake, akaikausha kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Alinitazama mara moja, na ningependa asingenitazama. Kisha akaangalia nyuma ya vibanda vya salaula, walikokuwa wamekaa vijana, akaita kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtoto aje kubeba gunia.

"Guylain. Kuya na simu."

Akaja. Walimfuata wote, mazoea ni mabaya, lakini walipomwona Willy walisimama mbali. Kitambaa cheupe kilikuwa mkononi mwa Vicky.

"Unamuona baba mudogo wako," Emilienne akasema. "Unaona kichwa yake. Sasa muite baba yako."

"Mama…"

"Muite. Franga ya unités nilikupa. Umuambie ju ya nini bibi yake hakuya kumuzika. Baba mudogo wako asikie, abebee nyanya yako jibu."

Guylain aliangalia huku na huku. Hakuna aliyemsaidia, na mimi wa kwanza. Alibonyeza vitufe, kile cha kwanza, cha pili, kidole kinateleza. Akainua simu hadi sikioni. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni.

"Allô," akasema. "Allô, Papa…"

Mama yake alirudi kwenye samaki wake, akamchukua mmoja, akamweka juu ya wenzake.

"Ongea na nguvu," akasema. "Kule baba yako eko, réseau haiko muzuri."